Sura ya Saba: Nyuma ya Dashibodi

Injini ya kwanza ilikohoa mara tatu kabla ya kushika. Ya pili ikafuata, nzito zaidi, na zote mbili zikanguruma nyuma ya mlango uliofungwa kama wanyama wawili walioamshwa vibaya. Ngurumo ikapanda, ikatulia, ikaanza kushuka. Kisha yakaja maji. Kwanza mchaniko mrefu, kama kitambaa kinachopasuliwa kwa mikono, halafu kishindo kimoja, halafu kimya.

Sajenti alikuwa bado hajabisha hodi. Alisimama kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kofia mkononi, akitazama kibao cha mlangoni kilichoandikwa "Futa miguu". Akafuta miguu. Akafuta tena. Wiki moja iliyopita hakufuta kitu. Aliusukuma mlango wa darasa la mtu huyu kwa bega na kumwita mwongo mbele ya wanachuo thelathini na wawili.

"Hodi," alisema, na sauti ikamtoka ndogo.

Mke wa Mwalimu alifungua. Alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni, asiseme karibu wala rudi. Alisogea tu, upana wa mtu mmoja mwembamba, na Sajenti akapita upande-upande.

Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya skrini, mto mgongoni, mkono mmoja umelinda tumbo pale mshono wa operesheni ulipokuwa haujapona sawasawa. Kwenye skrini ndege ilielea kichwa chini ziwani. Ilikuwa ndege ya kizamani, ya kutua majini na nchi kavu: tumbo lake boti, mbawa zake juu ya mgongo, injini mbili zimekaa juu ya mbawa kama masikio. Gurudumu moja lilining'inia hewani.

"Umekuja kukamata nini leo?" Mwalimu aliuliza bila kugeuka. "Kipanya? Kichukue. Hata pingu huhitaji, kina waya wake."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Darasani walikuwepo watu thelathini na wawili. Hapa nahesabu mmoja, na huyo ni mke wangu, na yeye tangu mwanzo alijua mimi si mwizi wala mcheza na msiba wa watu."

"Barua nimempelekea mkuu wa chuo asubuhi hii. Nimeandika kuwa nilikosea. Nimeomba isomwe darasani."

"Uliandika ulikosea nini?"

Sajenti aliikunja kofia mara mbili. "Niliandika kwamba ushahidi wangu wote ulikuwa jina la utani."

Jikoni sufuria iliwekwa chini kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Na ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Mwezi mmoja nyuma, muuguzi wa wodi ya watoto, binti wa rubani mstaafu ambaye mtaa mzima bado unamwita Kapteni, alikuja ofisini kwa Sajenti, siku hizi mpelelezi wa kulipwa, na video kwenye simu. Mtu asiyejulikana alikuwa ameunda modeli ya ndege kwa ajili ya simuleta, ile programu ya kompyuta ambayo watu hurushia ndege wakiwa wamekaa majumbani kwao. Ameiweka mtandaoni, mwenye kutaka aichukue. Namba ya mkiani ilikuwa ileile ya ndege ya Kapteni, iliyopinduka ziwani miaka thelathini na moja iliyopita ikaua abiria wawili. Tume iliandika kwamba rubani alisahau kukagua magurudumu. Kapteni aliapa kuwa taa ya buluu iliwaka. Taa ya buluu maana yake magurudumu yote yamekunjwa tumboni, tua majini salama. Hakuna aliyemwamini. Leseni ikachukuliwa, na tangu hapo akahesabu magunia ghalani mpaka alipostaafu. Sasa modeli hii, kila baada ya safari chache, inawasha taa ya buluu huku gurudumu la kulia linaning'inia, na ndege inapinduka vilevile.

"Kuna mtu anamcheka baba yangu," Muuguzi alisema siku ile. "Nataka kumwona uso."

Mtengenezaji alijiita Bata Mzee. Mwalimu wa kompyuta alikuwa na modeli tano za ndege za kale kwenye tovuti hiyohiyo, na wanafunzi wake walimwita Bata kwa jinsi anavyotembea. Sajenti, ambaye alipoacha polisi alijivunia kwamba hajawahi kumkamata asiye na kosa, hakuuliza la tatu. Siku modeli ilipopakiwa mtandaoni Mwalimu alikuwa hospitali, amefunguliwa tumbo.

"Kaa," Mwalimu alisema hatimaye. "Usidhani nimekusamehe. Nimesimamishwa kazi, sina la kufanya, siku nne naitazama ndege hii, na huyu aliyeiunda amenishinda. Sipendi kushindwa. Sogea uone."

Sajenti alivuta kigoda.

"Sisi waundaji tuna uwongo wetu," Mwalimu alianza, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya darasani. "Kisichoonekana hakiundwi. Ukikiunda, kompyuta inabeba mzigo wa bure. Dashibodi yangu mimi ina uso tu. Nyuma yake hakuna kitu, kama mandhari ya jukwaani, ukizunguka unakuta mbao. Kila mtu anafanya hivyo. Sasa tazama ya huyu."

Alibonyeza, na uso wa dashibodi ukang'oka ukaelea pembeni.

Nyuma yake kulikuwa na nyaya. Mamia. Kila mmoja na rangi yake, zimefungwa mafungu kwa uzi uliopakwa nta, kila fungu na kikaratasi chenye namba ya mwandiko wa mkono. Kulikuwa na tone la risasi ya kulehemu lililodondokea fremu likaganda. Kulikuwa na alama ya kidole kwenye vumbi.

"Hapa pekee ni kazi ya mwaka," Mwalimu alisema. "Kwa ajili ya nani? Mrushaji hafiki huku. Hana njia ya kufika. Halafu kuna hili. Ukifungua faili la kazi lenyewe, alilopakia pamoja na modeli, jicho la kamera linaanzia pale mtengenezaji alipoliacha mara ya mwisho. Mimi huliacha kwenye kiti cha rubani. Wengine huliacha nje, wazitazame mbawa. Yeye ameliacha wapi?"

Akafungua. Skrini ikaonyesha nyaya kutoka chini, karibu mno, na kanyagio za miguu pembeni.

"Amelala chali sakafuni," Sajenti alisema. "Kichwa chini ya dashibodi."

"Eti anamcheka mzee. Mtu anayecheka halali chali mwaka mzima."

Sajenti alilimeza hilo, kwa sababu neno "anamcheka" alikuwa ameliandika yeye mwenyewe kwenye ripoti yake ya kwanza, bila alama ya kuuliza.

"Walioichukua wanasemaje?"

"Wanalalamika. Mia mbili na kitu. Taa yako mbovu, rekebisha. Anawajibu wote jibu moja: 'Siku ile ilikuwa hivi.' Mimi mwenyewe nilimwandikia, kabla hujanipa umaarufu."

Sajenti alikuwa amesogeza pua karibu na kioo. Kati ya nyaya zote zilizofungwa kwa nidhamu kulikuwa na mmoja uliokosa adabu. Kipande kifupi chekundu, hakikufungwa popote, hakina kikaratasi. Kilitoka skrubu moja, kikapinda kama upinde, kikaingia skrubu ya pili.

"Hiki ni nini?"

"Pambo, nadhani."

"Kila waya hapa una namba. Hiki hakina. Unaweza kukitoa?"

Mwalimu alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akakichagua kipande kile, akakifuta, akafunga dashibodi, akarusha ndege upya. Injini zikakohoa. Ziwa likaonekana. Walirusha mara nane, na mara ya nane gurudumu la kulia likakwama nje kama kawaida yake.

Taa ya buluu haikuwaka.

"Rudisha waya," Sajenti alisema.

Waya ukarudi. Safari hii ilichukua mara tano. Gurudumu likakwama, na taa ikawaka buluu, nzuri, tulivu, ikisema kila kitu kiko salama.

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza. "Si hitilafu. Ameunganisha. Ameuunda mfumo mzima wa umeme ufanye kazi, halafu akaweka hiki makusudi."

"Taa ilitakiwa iwake magurudumu yote yakikubali. Kila gurudumu na swichi yake. Hiki kinairuka swichi ya kulia." Sajenti alisimama. "Rubani anajua uso wa dashibodi. Abiria anajua dirisha. Nani analala chali pale chini?"

"Fundi umeme," mke wa Mwalimu alisema kutoka mlangoni. Alikuwa na kitambaa cha sahani mkononi na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. "Swali rahisi hivyo ungeuliza mwezi mmoja uliopita, kaka, mume wangu angekuwa kazini."

Sajenti alivaa kofia. Masikio yalikuwa yakimwaka. Alishuka ngazi zote tatu bila kushika ukuta.

*

Kampuni ya ndege ilikufa zamani, na karatasi zake zilikuwa zimetupwa stoo ya ofisi ya gati, chumba kirefu chenye rafu za chuma na harufu ya karatasi iliyolowa ikakauka, ikalowa tena. Mtunza kumbukumbu alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Kitabu cha matengenezo cha mwaka huo ninacho," alisema. "Ndege yenyewe usiniulize. Iliuzwa chuma chakavu. Huenda umeketi juu yake saa hii."

Sajenti alikitazama kiti chake.

Walikipata kitabu kwenye sanduku la nne. Mama alilowesha kidole, akafunua, akasimamisha ukucha kwenye mstari mmoja. Siku moja kabla ya ajali. "Swichi ya gurudumu la kulia. Imekaguliwa. Safi." Saini yake mchirizo tu, kama mtu aliyejaribu kalamu.

"Mafundi umeme walikuwa wangapi?"

"Watatu." Akavuta karatasi ya mishahara. "Huyu alifariki mwanzoni mwa mwaka huo. Huyu alikuwa likizo ya ugonjwa, ona, miezi miwili. Amebaki huyu."

Alisoma jina. Sajenti akamwomba alisome tena. Kisha akatoa daftari lake mfukoni, akarudi nyuma mpaka ukurasa wa kwanza wa kesi hii, siku alipokwenda nyumbani kwa Kapteni na kuandika majina ya wote waliokuwepo sebuleni. Kapteni. Muuguzi. Jirani mmoja. Na wa nne, aliyekuwa akicheza drafti na Kapteni na kumwachia ashinde: mjomba wa Muuguzi, kaka wa marehemu mke wa Kapteni.

Siku ile aliwaonyesha wote video. Jirani aliuliza ni nani huyo shetani. Muuguzi aliuliza atapatikana lini. Kapteni hakuona, macho yake hayasomi tena skrini ndogo. Alisema tu, mwacheni mtu acheze, mimi kweli nilisahau. Na mjomba? Sajenti alisoma mwandiko wake mwenyewe pembeni ya jina la nne. Maneno mawili, yamepigwa mstari: "Hakuuliza chochote."

Ukurasa wa kwanza. Aliandika, akapiga mstari, akafunga daftari, akaenda kumtafuta mtu anayetembea kama bata.

"Unaumwa?" mama aliuliza, akibadilisha miwani ili amwone vizuri.

"Hapana, mama."

"Basi ni aibu. Zinafanana usoni. Maji yako pale."

*

Mtaani mjomba huyo walimwita Fundi Waya. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, meza moja, redio zilizofunuliwa matumbo, pasi, feni tatu zisizo na mapanga. Saa nane mchana jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Nyuma yake kulikuwa na mlango wenye kufuli mbili, na chini ya mlango, mwanga wa samawati wa skrini iliyoachwa wazi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Alikuwa akilehemu, moshi mwembamba ukipanda kati ya vidole vyake. "Feni, redio, au maneno?"

"Maneno."

"Maneno siyatengenezi."

Sajenti hakuketi. Alikuwa amepanga njiani jinsi atakavyoanza: kitabu, saini, siku, saa. Alikuwa mzuri sana kwa maswali ya kufunga mtu pembe zote. Lakini aliuona mkono ule ukilehemu, ulivyofunga nyaya za redio ya mtu asiyemjua kwa uzi uliopakwa nta, mafungu madogo, fundo moja kila inchi, na maswali yote yakawa ya bure.

"Waya mwekundu," alisema. "Mrefu hivi. Hauna kikaratasi."

Chuma cha kulehemu kilibaki hewani. Kisha mzee akakirudisha kwenye kishikio chake, taratibu, akachomoa plagi ukutani, akakunja waya wake. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Umechukua mwezi mzima," alisema.

"Nilipotea njia."

"Nilisikia. Yule mwalimu." Alitikisa kichwa. "Nililala nikijua mtu amesimamishwa kazi kwa ajili yangu, na asubuhi nikanywa chai. Kwa hiyo usinionee huruma, mimi nimeshazoea kunywa chai."

"Niambie kuhusu swichi."

"Ilikufa Ijumaa. Mpya ingekuja Jumatatu na meli. Ndege ilitakiwa Jumamosi. Nikapiga jampa, kipande cha waya kinachoruka swichi mbovu ili taa iwake. Usinitazame hivyo. Wote tulikuwa tunapiga jampa, na ndege zilikuwa zinaruka na kurudi. Lakini kulikuwa na utaratibu. Unaandika kitabuni, unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, rubani anajua taa ile haina maana, anakagua kwa macho."

"Ulifunga kitambaa?"

"Hapana."

"Uliandika 'safi'."

"Niliandika safi."

"Kwa nini?"

Mzee alichukua bisibisi mezani, akaiweka sambamba na nyingine. "Kwa sababu anayeruka ni shemeji yangu, na namjua. Angekiona kitambaa angesema, tunasubiri Jumatatu. Msimamizi angeuliza, kwa nini swichi haikuwepo stoo. Na swichi haikuwepo stoo kwa sababu mwezi mzima niliambiwa niagize, na nilisahau." Akaisogeza bisibisi ya tatu. "Miaka thelathini na moja watu wanamwita yeye aliyesahau. Watoto wa abiria wale walimtemea mate mlangoni pa tume. Yalimfika hapa." Aligusa kola yake.

"Asingeliona gurudumu dirishani?"

"Rubani anakaa kushoto. La kulia analiona mtu wa kiti cha kulia, tena akiinama. Siku ile kiti cha kulia kilikuwa na gunia la barua. Alitazama taa. Alifanya alivyofundishwa."

"Tume ilifungua dashibodi. Ingeukuta waya."

Hapa mzee alisimama, akaenda mlangoni, akampa Sajenti mgongo.

"Ndege ilipovutwa ufukweni, mimi ndiye niliyeingia wa kwanza. Nililia nikiingia. Watu walinishika, wakasema mwacheni, anatafuta miili. Nilipita miili, Sajenti. Nililala chali chini ya dashibodi, maji yakinidondokea mdomoni, nikaukata. Nikautia kinywani, nikatoka nao kinywani. Mtu akanipa blanketi."

Barabarani mwanamke alipita akiuza sabuni kwa sauti. Sajenti alingoja apite. Hakuwa ameandika neno hata moja, na daftari lilikuwa wazi mkononi.

"Kwa hiyo ukaunda ndege."

"Nilinunua kompyuta ya mtumba, nikajifunza. Miaka saba. Ribiti moja moja, kila msumari wa bati lake. Vipimo sikuhitaji, ndege ile niliijua kama mtu anavyokijua choo chake gizani." Alicheka kidogo, kicheko kikafia njiani. "Nilisema, nitaiweka pale mtandaoni, kuna wataalamu duniani, mmoja atafungua, atauona waya, ataelewa, atasema yeye. Mimi nisifumbue mdomo. Wakaandika: taa mbovu. Mia mbili. Hakuna aliyetazama nyuma."

"Ulitaka mtu mwingine akusemee."

"Ndiyo."

"Ungeweza kumwambia jioni yoyote. Mko naye mezani kila Jumapili."

"Dada yangu ndiye alikuwa mezani." Aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Alikuwa anampakulia chakula mumewe anaponiambia mimi, kaka, mwombee shemeji yako, akili yake huzubaa. Alikufa akiamini hivyo. Baada ya hapo ningesema nini? Na Kapteni mwenyewe, unajua, mwanzoni alipigana. Taa iliwaka, taa iliwaka. Mwaka wa kumi akaanza kusema, huenda iliwaka. Sasa anasema alisahau. Nimekaa mbele yake na drafti, nikamsikia akijigeuza mwongo polepole, na nikasogeza kete."

Simu ya Sajenti ililia. Alijua ni nani kabla ya kutazama. Alikuwa amemwahidi Muuguzi jibu leo. Aliiacha ilie mara mbili. Kazi aliyopewa ilikuwa uso na jina, na vyote viwili vilikuwa mbele yake. Sentensi moja tu, na faili lifungwe. Zamani, yaani mwezi uliopita, angeisema sentensi hiyo kwa raha.

"Mwambie," mzee alisema. "Wakija na polisi watanikuta. Sitakimbia, magoti yenyewe haya."

"Sikuja kukusemea." Sajenti alipokea, akabonyeza spika, akaiweka simu mezani kati ya redio mbili.

"Sajenti? Umempata?" Sauti ya Muuguzi ilikuwa ya mtu anayetembea haraka.

"Nimempata, dada. Uko wapi?"

"Nimefika nyumbani sasa hivi, niko na baba. Ni nani? Sema tu, nimekaa."

"Nipo kwa mjomba wako. Anataka kuongea na Kapteni kwanza."

"Mjomba? Unafanya nini kwa Mjomba?"

Mzee alikuwa ameikodolea simu macho kana kwamba ni kitu kilichotambaa kikapanda meza. Upande wa pili simu ilibadilishana mikono, ikagonga kitu.

"Shemeji." Sauti ya Kapteni ilikuwa kubwa, ya mtu mwenye masikio mazito. "Mbona Jumapili ulinikimbia? Nilikuwa nimebakiza kete mbili nikumalize. Au ndiyo unaogopa?"

"Naogopa," Fundi Waya alisema.

"Ehe, sema kweli leo."

"Kapteni." Aliushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Redio moja ikatetemeka. "Taa ya buluu iliwaka."

Sajenti aliinamisha macho, akakuta anatazama viatu vyake mwenyewe, na vumbi la mitaa yote aliyoipitia mwezi mzima akimtafuta mtu huyu mahali pengine.

"Nani kakwambia?" Kapteni aliuliza hatimaye. Ukubwa wote ulikuwa umeitoka sauti ile.

"Hakuna aliyeniambia. Najua iliwaka, na najua kwa nini iliwaka. Hukusahau kitu."

"Baba, anasemaje? Mjomba, unasemaje?" Muuguzi aliuliza, mbali na simu.

"Rudia," Kapteni alisema.

"Hukusahau kitu, shemeji. Aliyesahau ni mimi, na baada ya hapo nikaficha. Haya si ya simu. Naondoka hapa sasa hivi kwa miguu yangu, na saa kumi haijafika nitakuwa mbele yako. Nitasema yote, tangu swichi mpaka waya, binti yako akisikia. Ukitaka niyarudie kwa watoto wa wale abiria, nitayarudia. Ukitaka nisimame pale gatini niyaseme kwa kila mtu anayepita, nitasimama. Hata ukinifukuza mlangoni nitayasema nikiwa nje. Nakuahidi."